Mvua ya Mchoo Kimbiji

Mke wangu, Mwanaidi, alifariki masika yaliyopita, na shamba letu dogo la Kimbiji likabaki bila kulimwa. Nyumbani Tabata aliacha chupa moja ya mbegu za kunde, kazichanganya na majivu zisibunguliwe. Ni mbegu alizorithi kwa mama yake, na zaidi ya hizo hakuna nyingine. Mwezi wa nane mvua iliponyesha siku tatu mfululizo, nikasema vuli imewahi mwaka huu. Nikafunga safari kwenda kuzipanda.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Tabata ilikuwa madimbwi matupu, watu wanatembea viatu mkononi. Temeke nayo lami ilikuwa bado imelowa. Nilipovuka daraja la Kigamboni, njia ikaanza kukauka, na pale Kibada nilipopanda bodaboda palikuwa na vumbi kabisa.

"Huku haijanyesha?" nikamuuliza dereva.

"Mzee, mvua nayo ina vituo vyake," akajibu, akacheka.

Njia hiyo tulizoea kupita wawili. Mwanaidi alikuwa akitazama mawingu yanakotokea, akinionyesha udongo mweusi wa bondeni unapoishia na mchanga mweupe wa pwani unapoanzia. Mimi nilikuwa naitikia huku nasinzia.

Saa nne nikafika Kimbiji. Mchanga wa juu ulikuwa umelowa, moyo wangu ukafurahi. Tatu, mdogo wake Mwanaidi anayetutunzia shamba, alikuwa ameenda kisimani. Sikumngoja. Nilichukua jembe, nikapanda mistari miwili.

"Shikamoo, shem. Unafanya nini?"

"Marahaba. Napanda kunde. Si vuli hii?"

Tatu akatua ndoo. "Vuli mwezi wa nane? Nyie wa Tabata mna kalenda yenu?"

Akachimba kwa mkono. Chini ya kina cha kidole kimoja, mchanga ulikuwa mkavu kama unga.

"Hii mvua ya mchoo, shem. Upepo wa kusi unasukuma mawingu toka baharini, yananyunyiza, yanakwenda zake. Vuli yenyewe bado miezi miwili. Dada hakukwambia?"

"Aliniambia. Sikusikiliza."

Tatu akaacha utani. "Sasa haraka ya nini?"

Nikamwambia kweli. Kila nikiingia jikoni naiona ile chupa, na nikiiona namwona yeye. Nilitaka iishe.

"Ikiisha hivi, ndiyo imeisha moja kwa moja," alisema, akapiga magoti.

Nami nikapiga magoti. Tulifukua mbegu moja moja, tukipepeta mchanga kwa vidole, tukapata karibu zote. Tukazianika kwenye ungo. Alasiri nikazirudisha kwenye chupa, nikaanza safari ya kurudi, chupa ikiwa mfukoni.

Wiki tatu baadaye Tatu alinipigia simu. Zile chache tusizoziona ziliota, zikasimama na majani mawili, kisha zikakauka.

Nilichojifunza ni kwamba mvua ya siku tatu inakupa habari ya siku tatu tu. Majira ni kitu kingine, mtu huyajua kwa kuyaangalia mwaka baada ya mwaka. Mwanaidi aliyaangalia. Mimi miaka yote nilikuwa nangoja aseme, "Baba, twende sasa," ndipo nabeba jembe. Safari hii nilikwenda bila kuambiwa.