Kariakoo yamsikia, Magomeni yamsubiri

"Bwege wa siku ile nilikuwa mimi, usimtafute mwingine," anasema Shomari Kibwana, huku akiburuta godoro na kuliegemeza mlangoni ili kelele za nje zisiingie.

Ni saa mbili asubuhi, chumbani kwake mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Nyuma ya ukuta mafundi wananyoosha bodi la gari kwa nyundo. Shomari anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasogeza simu mdomoni, anameza mate, kisha anacheka. Anacheka peke yake, kwa nguvu, kama mtu anayetekenywa.

"Ooooh mama! Sufuria hizo, chupa za chai hizo! Bei ya leo hata wifi yako bahili atafungua pochi! Usipite, mama, ukipita utarudi!"

Anasikiliza alichorekodi, hakimpendezi, anarudia. Akisharidhika, uso unarudi ulivyokuwa: mkavu.

Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi. Mwenye duka anataka tangazo la kuimba kutwa kwenye spika yake, Shomari anamrekodia kwa shilingi elfu kumi. Kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo huwezi kupita bila kumsikia akikubembeleza ununue soksi, mapazia au dawa ya mende. Kariakoo nzima inamjua kwa sikio. Kwa sura, anapita katikati ya sauti yake mwenyewe na hakuna anayegeuka.

"Ndivyo ninavyotaka," anasema. Anaifuta simu kwa pindo la shati. "Ndivyo nilivyozoea, tuseme hivyo."

Kabla ya sufuria na soksi, Shomari alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea. Alikwenda kule ambako wenzake wenye ajira walikuwa na udhuru, akaziuzia redio sauti za watu waliokimbia vita. Safari yake ya mwisho ilikuwa katika nchi jirani. Dereva aliyemkodi huko alimpa sharti moja tu: gari halisimami kwa mtu yeyote.

"Sasa mimi mtoto wa Magomeni," anasema. "Tunakaribia kijiji kimoja, kijana kasimama kando ya njia, kainama kwa heshima zote: Shikamoo, mzee! Na mimi wiki nzima nasikia lugha nisizozijua. Nikamwambia dereva, simama bwana, shikamoo ya mtu haiachwi inaning'inia. Nikashusha kioo. Marahaba, mwanangu, hujambo? Akasema hajambo. Wenzake wakatoka kwenye mahindi na bunduki."

Dereva aliachwa aende kwa miguu. Shomari alifungiwa katika darasa la shule iliyokimbiwa, akakaa humo miezi saba. Hakupigwa sana, anasema. Aliachwa tu. Walinzi walikatazwa kuzungumza naye, nao wakatii. Aliyefungua kinywa alikuwa kijana yule yule wa barabarani, aliyemletea ugali kila asubuhi. Anasimama na sahani mkononi, anasema shikamoo, anangoja. Bila marahaba, sahani haishuki.

"Na hakuwa ananitania, hapo ndipo penye ubaya. Yule mtoto alilelewa vizuri. Nikiitikia tu, huyo anaondoka. Basi siku nzima neno langu ni hilo moja. Nikaanza kulichukia, na kulingoja pia."

Watekaji walitaka fidia. Redio iliyokuwa ikinunua habari zake ikasema haikuwahi kumwajiri, na kwa kweli haikuwahi. Ndugu zake wakachanga kilichoshindwa hata kuanzisha mazungumzo. "Mateka asiye na tajiri ni mdomo wa kulishwa tu," anasema Shomari. "Walipoona nawatia hasara, wakahama alfajiri moja, wakaniachia mlango wazi. Hata kwaheri hawakuniaga."

Aliporudi Magomeni, nyumba ilijaa. Majirani walileta pole, watoto wa mtaa mzima wakapangana kumwamkia. Shikamoo babu, shikamoo baba, shikamoo mjomba. Shomari aliingia chooni, akapiga komeo, akatoka wageni walipokwisha.

Siku chache baadaye alihamia Gerezani, kwa muda, alisema. Huu ni mwaka wa tatu. Hasomi ujumbe wa watu, anakula akiwa amesimama, na hamwitikii yeyote anayemwamkia. Vijana wa gereji wanasema mzee anaringa. Mke wake, Sitara, humpelekea pilau kila Ijumaa. Shomari hurudisha chombo kimeoshwa kikang'aa, bila neno.

Adhuhuri, Shomari anapeleka tangazo lake jipya kwenye duka la vyombo la Shobhana, Mtaa wa Kongo. Shobhana, aliyelirithi duka hilo kwa baba yake, analisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Hili la sufuria zuri. Ila lile la ndoo la juzi, kaka yangu, lina msiba. Mimi nataka watu wanunue ndoo, wewe unataka walilie ndani yake."

"Nitarudia."

"Rudia. Na uoe mara ya pili basi, labda utachangamka."

"Wa kwanza nimemshindwa, dada."

Kabla Shobhana hajacheka vizuri, anaingia msichana aliyevaa baibui, jasho linamtoka. Ni Najma, mtoto pekee wa Shomari na Sitara, muuzaji wa duka la dawa huko Magomeni.

"Shikamoo, Baba."

"Eeh. Umekuja."

"Marahaba, Najma," Shobhana anaitikia kwa niaba yake. "Kaa, mwanangu."

Najma hakai. Ndoa yake inafungwa Ijumaa, baada ya sala, msikiti wa mtaani kwao. Baba ndiye wa kumuozesha. Lakini jana Shomari alimtumia mdogo wake ujumbe kwamba amempa uwakili, amuozeshe yeye.

"Baba mdogo kanionyesha ujumbe," anasema Najma. "Ndiyo nini, Baba?"

"Sheria inaruhusu. Muulize shehe."

"Nimemuuliza. Sheria imekubali, mimi sijakubali."

Spika ya duka la jirani inafoka juu ya vichwa vyao: njoo mama, njoo dada, soksi za shule hizo. Ni Shomari huyo huyo, ana furaha tele. Shomari aliyepo dukani anaokota kifuniko cha sufuria, anakigeuzageuza.

"Msikiti utajaa, Najma. Wote watataka mkono wangu. Wote wataniamkia. Nitakuaibisha."

"Niaibishe. Ingia, niozeshe, kisha kimbia. Nitawaambia baba yangu ana haraka."

"Nia ya kurudi nyumbani ninayo, mwanangu, usinielewe vibaya. Nalala nikiiwaza. Nataka nirudi siku nimepona, nikae barazani na mama yako kama watu. Nipe muda."

"Muda gani?"

"Hujui walichonifanyia watu wale."

Shobhana anajifanya anapanga vikombe. Najma anamnyang'anya baba yake kile kifuniko, taratibu, anakiweka mezani.

"Watu wale walikuwa wabaya, Baba, lakini baba yangu walimwachia bure. Wewe unamshikilia mwaka wa tatu huu. Haya, taja bei."