Katekista na Mikaratusi Miwili

Hakuna neno lililomchosha Nyanchoka kama "Mungu atatulinda." Si kwamba hakuamini. Aliamini, tena rozari yake ilikuwa imechakaa kwa kushikwa. Lakini mumewe Cleophas, katekista wa kigango chao huko kwenye vilima vya juu ya mji wa Keroka, alilitumia neno hilo kama blanketi asubuhi ya baridi: kujifunika asitoke.

Mikaratusi miwili iliinamia boma lao. Mmoja juu ya jiko la nje, wa pili juu ya chumba alicholala mjukuu wao, Linet. Miaka mitatu Nyanchoka aliimba wimbo uleule: kata miti, Baba Damaris, radi za huku kwetu unazijua. Angeleta mtu aikate mwenyewe, lakini mke atakataje miti iliyopandwa na baba mkwe, na mume yupo anatembea? Kijiji kizima kingemsema. Naye Cleophas, kila mwaka, jibu lake ni kuchomeka tawi jipya lililobarikiwa Jumapili ya Matawi kwenye msumari juu ya mlango, liwe kinga ya radi.

"Hata Mungu alisema jisaidie nikusaidie!"

"Sura ya ngapi, mstari wa ngapi?" katekista anauliza, tena anatabasamu. Ebo! Ungemzaba kofi.

Alhamisi moja alasiri, zamu ya jumuiya kusali ilikuwa kwao. Wingu lilikuwa limetanda, Nyanchoka yuko jikoni anawapikia wanajumuiya chai. Mara Cleophas akamwita sebuleni aje aongoze tendo la tatu la rozari.

"Chai itamwagika!"

"Acha chai, mama. Njoo tusali."

Akaenda akinung'unika, mwiko mkononi. Hajafika Salamu Maria ya nne, radi ikapiga. Mkaratusi ukalala juu ya jiko, ukaponda sufuria, kigoda na kila kitu.

Vigelegele vikalipuka sebuleni. Bonareri, mwenyekiti wa jumuiya, akaanzisha wimbo wa shukrani. Cleophas akainua mikono, machozi yanamtoka. "Mmeona? Si nilisema?"

Lakini kwa Nyanchoka hasira ilishinda woga.

"Mungu amenilinda, ndiyo, na nitamshukuru mpaka kufa. Lakini nimechoka kuokolewa, Baba Damaris! Yeye amefanya kazi yake. Yako je?" Akanyoosha mwiko dirishani, kwenye mti wa pili. "Linet analala pale. Ama naye tutamwita aje kusali kila wingu likitanda?"

Wimbo ukakatika. Cleophas akatazama mti, akamtazama mkewe. Akavua koti lake, akalitundika kwenye ule msumari wa matawi.

"Shoka liko wapi?"

"Lilikuwa jikoni," Nyanchoka akasema.

Cleophas akatoka nje kwenye mvua, akapiga magoti matopeni, akaanza kufukua mabati ya jiko kwa mikono yake.