Nafasi Moja Karibu na Geti la Kanisa

Wachagga tuna ugonjwa wa Desemba: lazima turudi nyumbani, na siku hizi lazima turudi na gari. Kijiji chetu cha Old Moshi kina njia nyembamba iliyobanwa na migomba, na wiki ya Krismasi hujaa magari mpaka bibi harusi anateremka mbali na kutembea kwenda kanisani akiwa amekusanya gauni mikononi.

Ndipo likaja wazo la kubomoa ghala la kahawa ili pawe maegesho. Lilikuwa jengo la mawe jirani na kanisa, walilolijenga babu zetu enzi za ushirika, lenye baraza pana upande wa barabara. Kahawa haikupimwa tena pale, ila baraza lilikuwa na kazi. Alfajiri Mama na wenzake walikaa hapo na mikungu ya ndizi mshare, wakingoja gari la kushuka sokoni Moshi mjini. Mvua ya huku kwetu haina adabu, na hapakuwa na kituo kingine chenye paa.

Kaka yangu, anayeishi Dar, ndiye aliyelivalia njuga suala la maegesho kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji. Krismasi iliyotangulia aliacha gari bondeni, likakwaruzwa, akanuna mpaka anaondoka. Mimi ninayeishi na Mama kihambani, kwenye shamba la ukoo, nilimwandikia kwa hasira kwamba hatuwezi kuvunja kitu cha mwaka mzima kwa ajili ya magari ya sikukuu. Akanirushia kidole gumba.

Afisa mipango wa halmashauri aliitisha mkutano palepale barazani. Nilisimama nikaongea kuhusu mawe, kuhusu babu zetu, kuhusu akina mama na mvua. Watu walipiga makofi, nami nikajiona nimeshinda. Kisha afisa akasema wanaotaka maegesho wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Mama.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Tukiwa njiani nikamuuliza, "Sasa Mama, mimi nilikuwa namtetea nani?"

"Mimi, mwanangu, na nashukuru," alisema. "Mvua nimeizoea. Ila kaka yako akikosa tena pa kuweka gari, mwakani atasema sikukuu tukafanyie Dar. Mwaka unaofuata hatasema kitu."

Ghala likabomolewa, kokoto zikamwagwa, na Mama akaendelea kungoja gari la sokoni pembeni mwa kokoto, amejifunika nailoni.

Siku ya mkesha wa Krismasi alitoka asubuhi na kigoda chake cha jikoni, akakiweka kwenye nafasi moja karibu na geti la kanisa ili mtu asije akaichukua. Magari yakaanza kuingia. Aliitikia shikamoo za watoto wa watu, akawaonyesha pengine pa kuegesha. Mchana kaka akapiga simu, tena kwangu, si kwa Mama. Kazi zimembana, watoto wana tuisheni, atajitahidi Pasaka.

Nilienda kumwambia. Maegesho yalikuwa yamejaa, isipokuwa nafasi ile. Mvua ilikuwa imeanza na hapakuwa na baraza la kukimbilia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya magari ya watoto wa wenzake, anatazama barabara.