Paka Aliyefunguliwa Katikati ya Sherehe

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, nyumbani kwetu Nyahanga, kaka yangu Masanja alipofika kwa pikipiki kutoka machimboni Bulyanhulu, amepakata kiroba kinachotikisika.

"Kama ni kuku, mbona halii?" mama akauliza, mwiko wa pilau mkononi.

"Ni zawadi ya Kabula."

Kabula, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa akiomba paka tangu mavuno. Akafungua kiroba papo hapo uani, redio ikiunguruma, wageni wamejaa. Paka mdogo mweupe akachungulia, akaona msitu wa miguu, akachomoka hadi nje ya uzio.

Furaha ikakatika. Jirani alikuwa na karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na nyuma yake dimbwi la maji yenye zebaki. Bata wetu walikuwa wamekunywa pale, wakafa. Tukakimbia wote, wachimbaji wenzake Masanja na sahani zao za pilau mkononi, na kadiri tulivyokimbia ndivyo paka alivyosogelea dimbwi.

Bibi Holo, shangazi yake baba, akatufuata polepole. "Mnafukuza mwizi? Kaeni chini. Na hiyo redio izimwe."

Akampa Kabula dagaa wa kukaanga, akamwambia achuchumae peke yake amwite kwa kubembeleza. Paka alishainamia maji. Akanusa hewa, akageuka, akaja hadi mapajani mwa Kabula.

"Masanja baba," bibi akasema, "ng'ombe mgeni tunamfungia zizini kwanza, azoee harufu ya kwetu. Huyu mbona umemmwaga kwenye ngoma?"

"Nilidhani paka hana mambo mengi, bibi."

"Anayo kuliko mchumba wako."

Tulicheka mpaka pilau lililobaki jikoni likashika ukoko, na tukalila hivyo hivyo.

Basi mwanangu, ukitaka kumpelekea mtoto mnyama sikukuu hii, waulize kwanza wenye nyumba kama wanamtaka na nani atamlisha wageni wakishaondoka. Mpeleke siku yenye utulivu. Mfungie chumbani na maji safi mpaka azoee, umwite bwana mifugo amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, na mifupa ya kuku usimpe, humkwama kooni.

Mungu akujalie nyumba yenye vicheko, na kila kiumbe kitakachoingia mlangoni pako kipate pa kulala bila hofu.