Fimbo Juu, Magari Yasimame

Juzi pale Mkonze, mzee mmoja mfugaji aliinua fimbo yake juu, akaingia barabarani bila kutazama kushoto wala kulia. Lori likapiga honi. Nikamvuta shati, lori likapita.

"Shikamoo mzee. Kivuko kiko pale mbele."

"Marahaba. Mbona zamani nikiinua fimbo hapa, magari yote yalikuwa yanasimama?"

Ni kweli. Utotoni mwangu basi lilizima injini hapohapo, abiria tukahesabu ng'ombe wakivuka, wala hakuna aliyenung'unika.

"Zamani ulikuwa na ng'ombe, mzee."

Alishusha fimbo taratibu.

"Kumbe heshima ile ilikuwa ya ng'ombe."

Nikamsindikiza hadi kivukoni. Hata pale, juu ya mistari myeupe, tulisubiri mpaka nikawatamani wale ng'ombe.