Miaka Yangu Nyuma ya Mkia wa Kanali

Wacha niseme ile ya aibu kwanza, mcheke mumalize. Siku yangu ya kwanza kuendesha gari ya geti, nilishinda mbio. Mimi na bakkie, pikapu ya kazi. Farasi wote walifika nyuma yangu, na watu waliokuwa wamebashiri walisimama wakanitukana kwa Kizulu, Kiingereza na lugha zingine ambazo sikuzijua lakini nilizielewa.

Uwanja wetu ulikuwa mdogo, upande wa Clairwood hapa Durban, pale nyinyi vijana leo mnapakia makontena. Haukuwa kama ule wa Greyville, ambapo mtu anapanda mgongoni. Kwetu farasi alikuwa anavuta kigari cha magurudumu mawili, chepesi kama baiskeli, na dereva anakaa nyuma ya mkia, miguu ametanua, anakula mavumbi. Na sheria kubwa ni moja: farasi anakwenda troti. Watu wa pwani wanaita telki, ule mwendo wa haraka wa miguu kupishana, tak-tak-tak-tak. Akiruka galopu, ile shoti ya kurusha mwili wote, dereva lazima amvute mpaka arudi troti, na wenzake wanampita. Kwa hiyo kwetu haikutosha farasi kuwa na mbio. Alitakiwa kuwa na mbio na kuzimeza.

Sasa gari ya geti. Ni bakkie iliyofungwa mikono miwili mirefu ya chuma nyuma, moja kushoto, moja kulia, inafunga njia yote. Farasi wanakuja troti, pua zinakaribia chuma, dereva wa bakkie anaongeza mwendo kidogo kidogo. Wakifika kwenye mstari, mikono inajikunja, gari inakimbia na kutoka pembeni, mbio zimeanza. Dereva haangalii nyuma. Nyuma anakaa mkubwa wa kazi, Starter, yule wa kuanzisha mbio, amewageukia farasi, na wewe unafuata sauti yake tu.

Starter wetu alikuwa mzee wa Kihindi, tai shingoni hata kwenye joto la Februari. Tulimuita Uncle, na yeye aliniita Congo, kama vile nchi nzima ilikuwa imekuja kuomba kazi. Asubuhi ile mama watoto alikuwa amenifungia fufu na sombe, ugali wa muhogo na majani yake, kwenye plastiki. Nikaona ndani ya gari itanuka, Uncle atalalamika. Nikaitundika kwenye bawaba ya mkono wa kulia, kwenye kivuli. Halafu nikasahau.

"Ongeza, Congo. Ongeza. Sasa, kunja!"

Nikabonyeza. Mkono wa kushoto ukajikunja. Wa kulia ukauma fufu, ukakataa.

"Uncle, imekwama!"

"Usisimame! Ukisimama watakuingia! Endelea!"

Nikaendelea. Mzunguko wote, farasi nyuma, sombe inadondoka kidogo kidogo kwenye mchanga, mpaka nikavuka mstari wa mwisho. Mbio zikafutwa. Uncle alishuka, akaangalia ile bawaba ya kijani, akanyoosha tai.

"Congo," akasema, "angalau mkeo anajua kupika kitu kinachoshika."

Akanirudisha zizini. Huko ndiko nilikokuwa nimeanzia, kufagia mavi. Nyumbani Uvira niliacha shule darasa la tano, katikati, na yule mwalimu nafikiri iko bado ananingoja niseme mbili mara nane. Lakini kwa hiyo adhabu ndiyo nikapewa Kanali.

Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa Colonel. Niliposikia nilisema, eish, mimi nimekimbia makanali kwetu, nimevuka nchi ngapi, nakuja Durban napewa kanali wa kuogesha! Kazi yangu ikawa ya saisi, yaani mtu wa kumtunza farasi mmoja: kumsugua, kumsafisha kwato na kichuma, kumfunga lijamu na mikanda ya kigari bila kumkwaruza. Alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye dharau. Nikimkosea mkanda, ananikanyaga mguu na kuangalia upande mwingine, kama mtu kwenye foleni ya Home Affairs, kule kwa vibali.

Miaka ile ya karibu na Kombe la Dunia uwanja ulijaa. Jumamosi iko muziki, iko bunny chow, ule mkate wa kujazwa mchuzi, familia zinakuja na viti vyao. Meneja wa zizi alituwekea hata bafu ya maji moto, nikamwambia rafiki yangu Nestor, "Hii kazi nitazeekea hapa." Nestor ni Mrundi, saisi wa zizi la pili, mtu wa kusali sana na kutania zaidi. Akanijibu, "Vieux, mzee wangu, wewe ulizeeka zamani. Sema utazikiwa hapa."

Kanali alishinda sana. Na kila mara siri ilikuwa kumzuia. Alikuwa na moto wa galopu ndani. Ukikaa nyuma yake asubuhi, kwenye mazoezi, unausikia kwenye hatamu: mgongo unakuwa mgumu, masikio yanalala, mkono wako unakuwa mzito ghafla. Hapo una muda wa kupumua mara moja tu. Unalegeza kidogo, unamwongelesha, unakaza tena. Nilimwongelesha kwa Kiswahili, "Taratibu baba, taratibu mkubwa," na Meneja alikuwa anasema farasi yule amekuwa mkimbizi kama sisi, Kiingereza hasikii tena.

Halafu watu wakapungua. Hakuna siku moja ninayoweza kuwaonyesha. Jumamosi viti kumi vitupu, Jumamosi ingine jukwaa zima. Wanaobashiri walibaki nyumbani na televisheni, na wenye malori walikuwa wanahitaji nafasi karibu na bandari. Siku moja Meneja akatuita, kofia mkononi.

"Ardhi imeuzwa. Iko mbio moja ya mwisho. Farasi wanaopata mtu wa kuwachukua, wataenda naye. Wengine, lori linakuja Jumatatu."

Sote tulijua lori lile linakwenda machinjioni. Kanali alikuwa amezeeka, goti moja limevimba. Nani atamchukua?

Mtu mmoja tu alikuja kumuangalia, baba wa Kizulu kutoka mashamba ya juu, kule nyuma ya Howick. Alikuwa anatafuta farasi wa kuvuta gari la maziwa. Akamzunguka Kanali, akamgusa goti, akaniuliza, "Huyu anaruka galopu?"

"Hapana, baba."

"Kwenye gari langu wajukuu wanapanda. Nitamuangalia kwenye mbio. Akiruka mara moja tu, simchukui."

Mbio ile ya mwisho ilikuwa ya masaisi. Ndiyo desturi ya pale, msimu ukiisha watunza farasi wanakaa wenyewe kwenye vigari, bila leseni, watu wanacheka. Mke wangu alikuja na watoto, mara yao ya kwanza kuniona nikifanya kitu kingine zaidi ya kunuka. Uncle akainama kutoka nyuma ya gari ya geti, tai ileile.

"Congo, unajua leo unafanya nini?"

"Najua, Uncle."

"Basi meza mate."

Mikono ikajikunja vizuri, gari ikatoka. Kanali akatangulia. Goti bovu, uzee, vyote alisahau. Kona ya kwanza tuko mbele, ya pili tuko mbele, na kutoka jukwaani nasikia sauti ya mke wangu juu ya zote, ananiita kwa jina la binti yetu, "Papa Aline, usimwachie mtu!"

Kona ya tatu Nestor akatokea pembeni yangu na farasi yake mdogo. Kanali akamuona. Mgongo ukawa mgumu, masikio yakalala, hatamu zikawa kama nimeshika ng'ombe. Iko mstari mbele yangu, mweupe, karibu kabisa. Nikimwachia, pengine atashika troti na tutashinda. Pengine.

Nikavuta. "Taratibu baba. Taratibu mkubwa. Mwache apite." Nestor akapita. Kanali akarusha kichwa kwa hasira. Nikavuta tena, mabega yanawaka. Wa pili akapita, wa tatu, wote. Kila aliyepita, ule moto ulipanda tena kwenye mikono yangu, na kila mara niliumeza pamoja naye. Tulifika wa mwisho kabisa, peke yetu, tak-tak-tak-tak, safi kama saa ya ukuta, na jukwaa linacheka.

Mke wangu alikuwa kwenye uzio. "Kweli Papa Aline? Hata punda ya kuchota maji ingekupita!"

Macho yangu yalikuwa yanamtafuta yule baba wa maziwa. Alikuja taratibu, akamshika Kanali shingo, akasema, "Sharp, sawa kabisa. Huyu ana akili." Jumapili yake akampakia. Nilifunga mlango wa lori lake mwenyewe, na Kanali, kama kawaida, aliangalia upande mwingine.

Sasa nimestaafu, kama mtu aliyefukuzwa na ukuta wa makontena anaweza kusema hivyo. Naishi South Beach, ghorofa ya saba, lifti ikitaka. Magoti yangu ni kama ya Kanali. Vijana wananiuliza ile kazi ilikuwa na faida gani, na mimi nawaeleza habari za hatamu, wanachoka. Kweli sijui kuieleza. Ni mikono tu inayokumbuka, usiku inajikunja yenyewe.

Mwaka uliofuata ile mbio ya mwisho, Nestor alikwenda kusali kule juu nyuma ya Howick, na akapita kwenye shamba la yule baba. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, hakukaa hata.

"Nimemuona," akasema. "Asubuhi anavuta maziwa, troti, mpole, watoto wamejaa nyuma. Halafu wanamfungua mikanda, wanamwachia kwenye majani."

"Na goti?"

"Goti gani, vieux! Anakimbia galopu. Peke yake, kutoka uzio mpaka uzio, na hakuna mtu wa kumvuta."