Kazi ya Nyumbani ya Pasaka ya Wayahudi

Kosa ni langu, na nalikiri mwenyewe. Mimi hufundisha watoto dini kigangoni kwetu Ntobeye, na kila somo huliandika kwanza daftarini. Majuzi niliwaeleza jinsi Wayahudi wanavyojiandaa kwa Pasaka: hupekua nyumba nzima na kuondoa kila kilichochachuka. Nikawaambia, "Nanyi mkapekue kwenu." Nilikuwa nawaza hamira ya maandazi tu. Sikukumbuka kwamba huku kwetu kinachochachuka zaidi ni pombe ya ndizi.

Jumamosi jirani yangu alipokea wakwe waliokuja kuposa binti yake, nami nikawa msemaji wa nyumba. Bila pombe, maneno ya posa hayaanzi. Nikasimama, nikaagiza iletwe. Mtungi ukaja mtupu.

"Nani kaimwaga?" mama mwenye nyumba akafoka.

Evodia, kitinda mimba wake wa miaka saba, akapiga goti mbele yangu akitabasamu.

"Shikamoo mwalimu! Kazi yako nimemaliza. Hata ile ya kwenye ndoo nimeimwaga."

Wageni wote wakanigeukia. Mzee wa upande wa bwana harusi akakohoa.

"Mwalimu, na maji je? Hayo tunaruhusiwa?"